Wanaotaka Kushuka Pwani

Tangu gazeti letu lilipotoka mara ya mwisho, meza ya katibu imepokea barua nyingi za namna moja. Zatoka Sikonge, zatoka Urambo na Kaliua, zatoka Nzega na Igunga, na nyingine zimeandikwa hapa hapa mjini Tabora, mwendo wa dakika chache kutoka chumba cha chama. Waandishi wake ni makarani, watunza kumbukumbu, wahasibu wasaidizi na walimu, na ombi lao ni moja: wasaidiwe kupata uhamisho wa kwenda pwani. Mmoja ataka Dar es Salaam, wa pili ataka Tanga, wa tatu asema ataridhika hata na Kibaha, mradi tu jina la mkoa liwe Pwani. Wengine hawakutaja mji wowote. Wameandika "pwani" basi, kana kwamba pwani ni anwani ya posta.

Wako watakaosema ya kuwa mhariri wa gazeti la Tabora hawezi kunena neno jema juu ya pwani. Tafadhali wasituhukumu kabla ya kusoma. Mwandishi wa maneno haya amekaa Dar es Salaam miaka minne, amekula samaki wabichi wa Feri, amepunga upepo wa bahari jioni, na alirudi bara kwa hiari yake. Basi hatukuandika ili kuwazuia watu njiani. Tumeandika kwa sababu twaona ya kuwa wengi wa hao wanaotaka kwenda hawajafanya hesabu ambayo babu zao, wasiojua kusoma, waliifanya kila mwaka bila kukosea.

Sababu walizozieleza si za upuuzi. Yuko mama aliyepangiwa kazi Kaliua, naye mumewe yuko Temeke. Watoto wao wawili wanalelewa na bibi, hawako kwa baba wala kwa mama. Yuko baba mwenye mtoto mgonjwa ambaye kila baada ya miezi michache hupewa rufaa ya Bugando au ya Muhimbili, na nauli zimemmaliza. Wako vijana wanaotaka kusoma jioni baada ya kazi wapate shahada, na vyuo vya namna hiyo ni vingi zaidi Dar es Salaam kuliko hapa. Wako pia wanaosema wazi kwamba wamechoka na vumbi na jua la mwezi wa kumi, nao wataka kuishi mahali penye watu na taa. Hata hao hatuwacheki. Mtu aweza kutamani kuishi vizuri bila kuomba radhi kwa mtu yeyote.

Tena kutamani pwani si jambo la vijana wa leo. Katika nchi hii yetu ya Unyamwezi ndilo jambo la kale kuliko yote. Ile njia ya misafara iliyotoka Ujiji ikapita Unyanyembe hata Bagamoyo, ambayo tangu mwaka 2006 Tanzania imeipendekeza kwa UNESCO iwekwe katika urithi wa dunia pamoja na vituo vyake sita, yaani Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, haikufunguliwa na wafanyabiashara wa pwani peke yao. Wanyamwezi walikwisha kushuka na pembe zao wenyewe kabla Waarabu hawajajenga matembe yao Kaze na Kwihara. Burton alipofika Kaze mwezi wa Novemba 1857, alikuta watu ambao habari za bahari kwao zilikuwa habari za kila siku. Wasafiri wa karne ile waliandika ya kuwa kijana wa Unyamwezi hakuhesabiwa mtu mzima hasa mpaka amekwisha kwenda pwani na kurudi.

Twaomba msomaji alishike neno hilo, "na kurudi".

Pagazi yule hakwenda kama mtu aliyepotea. Aghalabu alishuka baada ya mavuno, mvua zikikatika, naye akajitahidi kurudi kabla ya majira ya kulima. Alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mkeka na sufuria na chakula chake mwenyewe. Alijua hatua za njia: Tura, kisha lile pori lisilo maji waliloliita Mgunda Mkali, kisha Ugogo ambako watemi walitoza hongo kwa ajili ya kupita na kwa ajili ya maji, kisha Mpwapwa, hata akausikia upepo wa bahari. Alijua atalipwa nini, na sehemu gani atapewa kabla ya kuondoka. Na zaidi ya yote alijua posho yake.

Neno hili "posho", ambalo leo karani hulitamka akifikiri fedha za kikao au za safari, lilikuwa neno kubwa la njia ile. Posho ni chakula cha pagazi, na mara nyingi alipewa kwa nguo, merikani au kaniki, akaibadilisha kwa nafaka vijijini. Msafara uliocheleweshewa posho haukwenda. Watu walitua mizigo, wakakaa kitako, na mwenye msafara angepiga kelele mpaka jua lichwe, hapana aliyeinuka. Vitabu vya wageni waliosafiri nao vimejaa manung'uniko juu ya "ukaidi" wa mapagazi. Sisi watumishi twajua jina lake jingine. Watu wale walikuwa hawana katibu wala mhuri wala karatasi, walakini walijua ya kuwa mzigo ukishainuliwa kichwani nguvu ya kudai imepungua.

Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, kazi ya pagazi katika njia ile ilikwisha, lakini kushuka pwani hakukukoma. Watu walishuka kwa gari moshi kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Wengine walikuwa wamekwisha kuvuka bahari zamani kwenda kuchuma karafuu Unguja. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kutafuta vibarua, SILABU, nacho kikawachukua watu wa magharibi kwa mikataba. Wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Pagazi alikuwa na bei yake aliyoipigania kambini. Manamba alikuwa na kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kila alipomaliza kazi ya siku, na siku zisizotiwa alama hazikulipwa. Wengi walirudi na baiskeli na cherehani. Wengine hawakurudi kabisa, na hata leo ukienda Tanga utakuta wazee wenye majina ya Kinyamwezi na Kisukuma wasioijua njia ya kijiji cha baba zao. Hatusemi ya kuwa waliishi vibaya wote. Twasema tu kwamba wengi wao hawakuamua kubaki. Walikuwa wakingoja mwaka ujao.

Baada ya manamba ikaja zamu ya watu wa kalamu. Skuli ya Serikali ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1925 ilitoa vijana ambao maofisi ya Dar es Salaam yaliwahitaji. Julius Nyerere alisoma hapo toka mwaka 1937 hata 1942, akarudi Tabora kufundisha St Mary's toka 1946 hata 1949, na baada ya masomo yake Edinburgh kazi ilimpeleka Pugu karibu na Dar es Salaam mwaka 1953, naye akaiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa sababu zijulikanazo na wote. Rashidi Kawawa naye alitoka skuli hiyo hiyo akawa karani wa Serikali Dar es Salaam, na katika miaka ya 1950 akawa kiongozi wa chama cha watumishi wa Serikali Waafrika, kile ambacho mizizi yake ilipandwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba na wenzake. Basi sisi wa vyama hatuwezi kusema ya kuwa karani wa Tabora akishuka pwani hapana jema litakalotoka.

Sasa na tuje katika hesabu yenyewe.

Jambo la kwanza, na ndilo wengi wanalolisahau, mshahara wa Serikali hauongezeki kwa kuiona bahari. Karani wa daraja fulani akiwa Sikonge na karani wa daraja lile lile akiwa Ilala, ngazi yao ya mshahara ni moja. Kinachobadilika ni matumizi. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022, katika eneo lisilozidi kilomita za mraba 1,400. Mkoa wetu wa Tabora katika hesabu hiyo hiyo ulikuwa na watu 3,391,679 katika kilomita za mraba zaidi ya 76,000. Hapana haja ya kuwa mhasibu ili kujua ni wapi kiwanja kitakuwa ghali na ni wapi mwenye nyumba atadai kodi ya miezi sita kwa pamoja.

Mwenzetu mmoja ametupa ruhusa ya kueleza habari yake pasipo jina. Aliomba uhamisho mwenyewe, akaupata, akafurahi. Kwa kuwa aliomba mwenyewe, gharama zilikuwa juu yake. Aliuza ng'ombe wanne na kiwanja kimoja. Fedha hizo zilikwisha katika lori la vyombo, nauli ya watu watano, na kodi ya miezi sita ya vyumba viwili Mbagala. Ofisi yake ilikuwa katikati ya mji. Aliamka saa kumi alfajiri akapanda magari mawili, na jioni akarudi watoto wamekwisha kulala. Tulipomwuliza habari za bahari alisema ameiona mara tatu katika mwaka wa kwanza, na mara moja katika hizo ni pale alipowapeleka wageni kutoka kwao. Kodi ya miezi sita ya pili ilipofika, hakuwa nayo. Akakopa kwa wale watu ambao mikopo yao imeitwa kausha damu, akawaachia kadi yake ya benki. Twaacha hapo, kwa maana wasomaji wajua yanayofuata. Twaongeza tu kwamba mke wake amefungua genge la mboga, na genge hilo ndilo linalowalisha leo. Naye asema hatarudi Tabora, kwa kuwa hapa genge kama lile lisingepata wateja. Kwa hiyo nyumba ile ile moja ina mtu aliyepata hasara pwani na mtu aliyepata riziki pwani. Hatukuweza kuifanya habari yake iwe nyepesi zaidi ya hapo.

Jambo la pili ni tofauti baina ya anayeitwa na anayeomba. Kanuni za Kudumu katika Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zimeweka haki za mtumishi anayehamishwa kwa manufaa ya kazi: nauli yake na ya jamaa yake, kusafirishwa mizigo, fedha za kujikimu siku za mwanzo, na posho ya usumbufu. Anayehama kwa ombi lake hujigharimia. Hili si dhuluma, ni kanuni. Lakini twasikia mambo mawili yasiyo ya kanuni. Kwanza, wako watumishi wanaohamishwa na mwajiri, kisha wakashauriwa kwa upole waandike barua kana kwamba wameomba wenyewe, "ili jambo liende haraka". Anayeandika barua hiyo ameitupa haki yake kwa mkono wake, na chama hakina la kumfanyia baadaye. Pili, wako wanaohamishwa kwa haki, wakaambiwa waripoti kwanza, fedha zitafuata. Wakaripoti. Miaka imepita nazo fedha hazijafuata. Madai ya uhamisho yasiyolipwa yamejaa katika majalada yetu, na yale ya walimu ndiyo mengi kupita yote. Hapo ndipo tunapomkumbuka pagazi aliyekaa kitako Mgunda Mkali juu ya mzigo wake. Hatushauri mtu avunje amri halali. Mtumishi ataripoti kama alivyoamriwa. Walakini kabla ya kuripoti aandike barua ya madai, ataje kila kiasi, apate mhuri wa kupokelewa, na abaki na nakala. Mhuri huo ndio kitako chetu sisi.

Pia tusisahau ya kuwa katika siku zetu msafara umegeuka. Shauri la kuhamishia makao makuu Dodoma lilikatwa mwaka 1973, nalo likakaa miaka mingi bila kutimizwa sana, mpaka mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia kwa nguvu. Watumishi kwa maelfu wakatoka pwani wakapanda Ugogo, nchi ile ile ambayo misafara iliiogopa kwa kiu na hongo. Tulisikia vilio vya wenzetu wa Dar es Salaam wakati ule: vumbi, maji, upweke, watoto kubadili skuli. Twakiri ya kuwa baadhi yetu huku Tabora tulicheka kidogo. Lakini fikirini jambo hili. Wizara sasa ziko Dodoma, na treni ya umeme imekuwa ikienda toka Dar es Salaam hata Dodoma tangu mwaka 2024, na njia ya kuja Tabora na kuendelea Isaka ilikwisha kuanza kujengwa. Karani anayetaka kuwa karibu na wakubwa wa kazi yake ili apande cheo, mbona bado anaandika "pwani" katika barua? Wakubwa wenyewe walikwisha kuhama. Hiyo ni hesabu ya zamani inayofanywa kwa kalamu mpya.

Na huku nyuma je? Anapoondoka karani mmoja wa zahanati ya kijiji, jalada halijifungui lenyewe. Anapoondoka mwalimu mmoja wa hesabu, darasa halihami naye. Wengi wa wanaobaki hufanya kazi ya watu wawili kwa mshahara wa mmoja, nao hawaandiki barua kwa chama, kwa sababu hawana nafasi ya kuandika. Twaona vibaya kwamba katika barua zote tulizopokea hapana hata moja iliyouliza nani atashika nafasi yake. Hatumlaumu yule mama wa Kaliua. Ndoa na watoto wake ni haki yake, na kamati itasimama naye. Lakini wako wengine ambao, tukisema kweli, Tabora haijawakosea neno. Maji ya Ziwa Victoria yaliyokuwa hadithi tangu ujana wetu yalizinduliwa hapa mwaka 2021. Miembe ya watu wa misafara ingali inazaa. Asali ya misitu yetu inatafutwa na hao hao wa pwani. Mtumishi wa Urambo mwenye ekari mbili na nyuki wake huenda analala vizuri kuliko mwenzake mwenye upepo wa bahari na deni. Twasema huenda, maana twajua pia ya kuwa mwenye mtoto mgonjwa hatibiwi kwa asali.

Iko njia moja ambayo wachache sana wameitumia, nayo ni kubadilishana nafasi. Hapa Tabora wako wanaotaka kushuka, na huko pwani wako watumishi wa kada zile zile, wengi wao wazaliwa wa huku, wanaotaka kupanda wawe karibu na wazazi wao wazee. Waajiri wa pande zote mbili wakiridhia, hapana ofisi inayobaki tupu. Siku hizi maombi ya uhamisho hupita katika mfumo wa kompyuta wa Serikali, na hilo ni jema, kwani limewapunguzia nguvu wale vishoka waliokuwa wakisimama mlangoni mwa maofisi wakiuza uhamisho kama tikiti. Yeyote atakayeombwa fedha ili barua yake "isukumwe" asitoe, na atuletee habari.

Kamati imekubali ya kuwa katika mkutano ujao jambo hili liwe la kwanza katika orodha ya mazungumzo. Tutataka kufanya daftari ya kubadilishana nafasi, yenye jina la kada, wilaya aliko mtu na wilaya aitakayo, tuipeleke kwa wenzetu wa matawi ya pwani nao watuletee ya kwao. Wanaofuata waume au wake zao, na wenye wagonjwa, wataandikwa mbele. Wenye madai ya uhamisho yasiyolipwa wayalete kwa katibu kabla ya siku ya mkutano, pamoja na nakala ya barua ya uhamisho, stakabadhi za lori na nauli, na barua ya madai yenye mhuri wa kupokelewa. Wasio na mhuri waje pia, lakini waje mapema, maana kazi yao itakuwa ndefu. Nao walioandika "pwani" tu pasipo kutaja mji, tunawarudishia barua zao wazimalize.